Kipande cha Kondo

Mtoto wa Bernadetha alianza kunuka dawa ya maabara kabla hata kitovu chake hakijadondoka.

Pale kijijini Keza harufu hiyo aliijua mtu mmoja tu, Tecla, wifi yake Bernadetha, aliyerudi nayo kwenye nguo kila jioni kutoka kazini kwa watafiti wa Rulenge. Majirani walidhani ni mafuta ya dukani. Wenye midomo yao wakauliza hela ya mafuta Bernadetha kaitoa wapi.

"Wifi, mbona halii?" Bernadetha aliuliza.

"Mtoto mpole huyo. Shukuru."

"Nimemfinya, wifi. Ananiangalia tu."

Tecla akamshika mtoto, Ishimwe, mguu. Ulikuwa umekaza, kama nyama iliyolala kwenye dawa. Akauachia upesi.

Maana yeye alijua. Siku ya uzazi alikabidhiwa kondo la nyuma, alipeleke nyumbani mama yake, Kalista, akalizike kwenye shina la mgomba, kama walivyozikiwa wote wa nyumba ile. Tecla akapitia kazini kwanza. Kondo walilotaka kulichunguza watafiti lilikuwa limeharibika umeme ulipokatika, na bosi wake Danstan, aliyekaa Mwanza kwenye darubini kubwa, alishamwambia akiharibu tena akauze maharage. Basi akakata vipande viwili vidogo, kimoja cha kazi na kingine cha akiba, ndivyo alivyofundishwa. Lililobaki likazikwa kwa heshima, na Kalista akalimwagia pombe ya ndizi.

Vipande viliingia kwenye dawa ya kukaza nyama. Siku hiyohiyo mtoto akaacha kulia.

Vikaingia kwenye dawa ya pili, ile inayogeuza nyama kuwa nyeusi tii ili darubini iione vizuri. Tecla aliporudi nyumbani, kucha za mtoto zilikuwa nyeusi. Chumbani kulisikika krr, krr, krr, sauti ya kile kimashine cha kutikisa vichupa kule kazini, na mtoto alikuwa akiyumba kitandani, taratibu, hakuna aliyemgusa.

Kesho yake Tecla akarudi kazini. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekufa ganzi, na mikono iliendelea na kazi kama ya mtu mwingine. Akavipitisha vipande kwenye spiriti, kwanza hafifu, kisha kali, kisha kali zaidi, mpaka maji yote yakatoka. Na nyumbani midomo ya Ishimwe ikapasuka, machozi yakamkauka, pumzi yake ikanuka spiriti hadi majirani wakasema Bernadetha anamnywesha gongo, na Bernadetha akawa anakaa mlangoni na ziwa mkononi, maziwa yakidondoka kwenye khanga, akimtazama mwanawe ambaye hakutazama tena kitu chochote isipokuwa pembe moja ya dari, ambako palikuwa patupu.

Kalista akamwita mganga, Bibi Ntirampeba, kutoka Murusagamba. Bibi alinusa mtoto, akarudi nyuma.

"Jini halina ngozi," alinong'ona. "Hili limekuta nyama ya mtu haijazikwa, linaitengeneza iwe vazi. Likimaliza, linamvaa. Nani kabakiza kitu nje?"

Tecla akapanda pikipiki hadi Rulenge, akarudi na kichupa. Wakakizika kipande kwenye mgomba uleule, bibi akafukiza nyumba mpaka kuku wakakohoa.

"Ndicho chote?"

Tecla akafikiria boksi lenye kipande cha pili, lililoondoka na basi la asubuhi kwenda Mwanza. Akafikiria maharage.

"Ndicho chote, bibi."

"Haya. Ila likikusalimu usiitikie. Kuitikia ndiko kulifungulia mlango."

Jioni ile mtoto akalia. Alilia kwa upande mmoja wa mdomo, lakini alilia, na Kalista akacheza uani kama bibi harusi.

Kesho yake mchana Danstan akapiga simu.

"Umeniponya, Tecla. Kipande safi sana. Nimeshakipaka dhahabu, darubini ikione."

"Wifi," Bernadetha aliita kutoka ndani, kwa sauti ndogo, "njoo umwone mtoto. Anang'aa."

"Bosi, kirudishe hicho."

"Nirudishe nini? Kimeshaingia kwenye darubini. Subiri, mashine inatoa hewa."

Tecla aliingia chumbani na simu sikioni, hakusikia mlango, hakusikia vidole vyake, alimwona Ishimwe mapajani mwa mama yake, uso wa manjano unaometa kama sanamu ya kanisani, mdomo wazi kabisa, kifua kikivuta na kuvuta na kisipate cha kuvuta, na Bernadetha akimpepea kwa ncha ya khanga, polepole, kana kwamba ni joto tu.

"Tayari," Danstan alisema. "Hewa yote imetoka."

Kifua kikatulia.

Kisha mtoto akageuza shingo. Akamtazama Tecla kwa adabu, kama mtu aliyefika ugenini na kusubiri muda mrefu mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

Tecla hakuwa na hofu tena, wala huzuni, wala kitu chochote. Mdomo wake ukafanya ulichozoea tangu utotoni.

"Marahaba," akasema.