Vigeu vya Marehemu

Yaliyompata rafiki yangu, fundi wa programu, nayaeleza kama alivyonieleza. Ofisini kwao walitunza mkalimani, yaani programu inayosoma maagizo ya lugha ya kompyuta na kuyatekeleza. Kanuni yao, yenye mihuri mitatu, iliagiza kila kigeu cha jumla, yaani jina linaloshika thamani inayotumika katika programu nzima, kianze na jina la anayekitunza, ili lawama isikose mwenyewe.

Mtunzaji wa siku nyingi, waliyemwita Bibie, alifariki Jumatatu. Jumanne mkuu wa kitengo akamwita rafiki yangu.

"Bwana, lifute jina lake popote lilipo kwenye programu, leo hii. Marehemu hajibu barua pepe."

"Mkuu, hata hajazikwa!"

"Basi mfuate. Mkataba wako unaisha leo, au umesahau?"

Hakusahau. Binti yake wa siku sita alikuwa hospitalini, akipumua kwa mashine inayolipiwa na bima ya ofisi. Akaingia kwenye chumba cha kompyuta kisicho na dirisha, akaanza kufuta. Kila jina lilipotoka, feni ya kompyuta ilivuta pumzi ndefu. Alipofuta la arobaini na moja, la mwisho, umeme ukakatika. Gizani, ile feni iliendelea kupumua.

Umeme uliporudi, jina la Bibie halikuwepo tena kwenye skrini. Palikuwa na kigeu kipya kimoja, kimeandikwa kwa kanuni, bila kosa. Kilianza na jina la binti yake, ambalo yeye na mkewe walilichagua asubuhi ile kwa kunong'ona, wala hawakumwambia mtu.

Kisha, bila mkono wowote kwenye kibodi, jina hilo likaanza kufutika, herufi moja moja.