Zamu ya Wangare

Mimi mambo ya watu huwa siingilii. Muulize mtu yeyote hapa Nakuru, kuanzia Section 58 mpaka Kaptembwo, atakwambia: yule kijana wa kaunta kwa Mohanlal ana macho lakini haoni, ana masikio lakini hasikii. Kwa hivyo hii hadithi ya Wangare na Ogola niliijua kwa bahati tu.

Ilianzia mbele yangu, Jumamosi saa tano asubuhi, duka limejaa mpaka mlangoni. Sisi huuza spea za baiskeli, na Jumamosi ndiyo siku watu wote hukumbuka kuwa baiskeli zao ni wagonjwa. Wangare aliingia na jinzi iliyochanika goti, sweta ya kijani, na nywele zimesukwa zikafungwa juu kama mtu anayeenda vitani. Nyuma yake akaja Ogola, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi kola inakata, lakini mikono yote ina mikwaruzo ya miiba ya waridi.

"Boss, tyubu ya inchi ishirini na tisa," wakasema pamoja.

"Imebaki moja," nikawaambia.

"Mimi nilisema kwanza," Wangare akadakia.

"Ulisema kwanza, lakini mimi nilifikiria kwanza," Ogola akasema. "Nimetoka nayo kwa akili tangu Naivasha."

Mohanlal, ambaye alikuwa akifunga nati kwa gazeti, hakuinua hata macho. "Mgawane basi. Mmoja achukue mpira, mwingine achukue hewa."

Duka zima likacheka. Ogola akarudi nyuma hatua moja. "Chukua, mrembo. Lakini nipe namba ya simu."

"Ya nini?"

"Nijue tyubu inaendelea aje. Nimeshaizoea."

Usiniulize kama nilinyoosha shingo kuona namba. Iliishia na sita sita.

Jioni hiyo akapiga. "Sasa? Mtoto amelala?"

"Amelala. Ametaja jina lako."

"Akasema?"

"Akasema huyo jamaa ni hewa tupu."

Nilijuaje? Ogola aliniambia mwenyewe. Sikumuuliza. Nilimuuliza mara nne tu.

Sasa, wapenzi wengine huulizana, "Unanipenda?" Hawa wawili waliulizana vitu. Ogola alisimamia upakiaji wa maua kule Naivasha, na Wangare alipokea maziwa ya wakulima kule Njoro. Basi simu zao zilikuwa hivi:

"Waridi likishakatwa huishi siku ngapi?"

"Kumi, likitunzwa. Na wewe unajuaje maziwa yametiwa maji?"

"Kuna kipimo. Lakini ulimi hauna mpinzani. Naonja, natema."

"Unatema?"

"Nikimeza ya kila mkulima, mpenzi, nitafura kama ndama wa maonyesho."

Miezi saba ikapita hivyo. Ogola akataka kujua jambo moja ambalo halikuwa la maziwa: atapelekwa lini Njoro, akamwone mama? Wangare akasema, "Kuna kitu mimi pia nataka kujua. Wewe hata chai hungoji ipoe. Tukitembea, unatangulia. Nikianza hadithi, unaimaliza. Sasa kuna mbio za baiskeli za muda wa saa sita pale msitu wa Menengai, za watu wawili wawili. Tukizimaliza tukiwa wawili kweli, Jumapili inayofuata nakupeleka nyumbani. Tusipoweza, tuachane vizuri."

"Hiyo tu?" Ogola akasema. Maskini.

Mbio zenyewe ni rahisi kueleza. Mmoja anazunguka msitu na baiskeli, mwenzake anangoja katikati ya kamba mbili. Akirudi, anafungua utepe mwekundu mkononi na kumfungia mwenzake, naye anaondoka. Zinaanza saa mbili, zinaisha saa nane mchana, na mzunguko usiokamilika hauhesabiwi. Mtu anaruhusiwa kwenda mizunguko miwili mfululizo akipenda, na spea ni ya kupewa na mwenzako tu. Mimi nilijitolea kugawa maji kwenye kona ya mwisho, karibu na kamba. Nilienda kwa ajili ya hewa safi.

Asubuhi yote walienda kama cherehani. Ogola anarudi, anafunga utepe, "Enda, mpenzi!" Wangare anarudi, goti limejaa vumbi, "Shika, mzee wa maua!" Wakapanda hadi nafasi ya sita.

Kwenye saa sita kasoro, Wangare akiwa anangoja zamu yake ya tatu, msimamizi wa kona yetu, Cheptanui, dada mwenye firimbi na moyo mkubwa, alimpelekea kikombe cha mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwa kibuyu chake, apate nguvu. Wangare akaenda nyuma ya hema, akainama, akafanya jambo fulani huko. Cheptanui akarudi kwenye kona amekunja uso. Kisha Ogola akatokea kwenye miti, na mtu fulani, ambaye jina lake halitusaidii, akampigia kelele: "Ogola! Bibi yako anatapika huko nyuma!"

Basi Ogola akafika kwenye kamba. Wangare alikuwa tayari, helmeti imefungwa, mkono ameunyoosha. Ogola akampita.

"Pumzika, mpenzi! Hii naenda mimi!"

Mkono wa Wangare ukabaki hewani. Kuna jamaa mmoja akacheka. Wangare akafungua helmeti polepole, akaiweka chini, akapiga simu. Haikushikwa. Akapiga tena. Mara ya tano akaandika ujumbe, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale nikitafuta kivuli, niliusoma: *Endelea peke yako. Hata Njoro nenda peke yako.*

Dakika ishirini baadaye simu yake ikalia. Kelele za watu zilikuwa nyingi, kwa hivyo akaiweka kwa spika. Hilo si kosa langu.

"Wangare," Ogola alikuwa anahema. "Niko na pancha. Mawe ya huku ni kama wembe. Na tyubu ya akiba iko kwako."

"Si uko peke yako?"

"Nimesoma. Mpenzi, niliambiwa unatapika."

"Natapika?" Akaangalia kikombe miguuni pake. "Ogola, nilikuwa natema mursik! Niliionja kama kazini. Ulimi umezoea, ulitema kabla sijafikiria. Hata Cheptanui amekasirika."

Upepo wa msituni ukasikika kwenye simu.

"Nilitaka kukusaidia," Ogola akasema.

"Ulipita hatua mbili kutoka kwangu. Hatua mbili! Kila siku unaniuliza maswali mia ya maziwa. Leo ulishindwa kuuliza moja tu: 'Uko sawa?'"

"Nilishindwa."

"Mimi sikuomba kuokolewa. Niliomba zamu yangu."

"Basi ningoje. Nakuletea."

Akakata simu. Ogola alikuja akikimbia, baiskeli begani, shati limeshikana na mgongo, goti linatoka damu. Saa saba na dakika tano. Mzunguko mzuri zaidi wa Wangare ulikuwa dakika hamsini na tatu. Fundo la utepe likakataa, Ogola akalifungua kwa meno. Akaufunga utepe kwenye mkono wa Wangare, taratibu, kama anafunga waridi.

"Zamu yako," akasema.

Wangare akachomoa ile tyubu ya dukani chini ya kiti cha baiskeli yake, akamtupia kifuani. "Tengeneza. Na nikirudi nikupate hapa. Si huko juu unanichungulia."

Akaenda. Nikamwambia Ogola, "Twende kwa kile kichaka cha huko juu, tumwone akipanda." Akatikisa kichwa. Saa saba na nusu nikamwambia tena. Alikuwa ameshavalisha gurudumu, ameketi katikati ya kamba, mikono mapajani kama mtoto wa Sunday school. "Nangoja," akasema. Na akangoja, jamani. Yule mtu asiyengoja chai!

Saa nane kasoro dakika moja, sweta ya kijani ikapasua vumbi. Walimaliza wa kumi na tatu. Wangare alianguka nyasini kando yake, akatoa simu. "Mama? Jumapili nakuja na mtu. Ndiyo. Anajua kungoja. Kidogo."

Mwanamume hajipeleki ukweni peke yake, kwa hivyo nikachaguliwa mimi nimsemee, kwa sababu ya huu mdomo. Kule Njoro, sebuleni, chai mezani, nikamsimulia Mama Wangare yote kama nilivyokusimulia wewe. Nilipofika kwa "mtu fulani," Cheptanui, ambaye siku hizi ni rafiki wa Wangare, akasimama mlangoni na kibuyu.

"Mtu fulani?" akasema. "Mama, nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alipanda juu ya kreti ya soda, akachungulia nyuma ya hema, halafu akaruka chini akapiga mayowe. Alikuwa na kofia ya manjano."

Ogola akanigeukia polepole.

"Jeff?"

Mama Wangare akainuka, akachukua kofia ya manjano kwenye goti langu, akaigeuza, akasoma jina la duka kwa sauti. Cheptanui alikuwa tayari anamimina.

"Kunywa, Jeff," Wangare akasema. "Na umeze."