Magurudumu ya Mvua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kufungua karakana. Alisukuma mlango wa bati, akafagia sakafu na kupanga baiskeli za wateja ukutani, huku akisimulia ndoto aliyoota, hesabu zilizomshinda na jirani aliyegombana na jogoo wake mwenyewe. Hakuitwa Chiriku bure. Mama yake, fundi wa baiskeli, alikaza nati na kuitikia "Enhe" kila alipopata upenyo.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika timu ya baiskeli ya shule wachache walimweza. Magurudumu yake ya kawaida yalimtosha wakati wa kiangazi. Majira ya mvua yalipokaribia, kocha aliagiza kila mwendeshaji apate jozi ya pili, ya barabara zenye maji.

Mwendeshaji mmoja mstaafu alimletea mama jozi mbili ili Chiriku achague moja. Jozi ya kwanza ilikuwa na ringi nyeusi za kaboni, nyepesi kama unyoya, zinang'aa. Ya pili ilikuwa na ringi za alumini zilizochujuka rangi, spoki nene na tairi pana.

"Mama, hapa kweli kuna la kufikiria?" Chiriku aliuliza, tayari ameshika zile nyeusi.

"Lipo," mama alijibu. "Ringi za namna hiyo zikilowa, breki huchelewa kushika. Lakini mpandaji ni wewe, basi chagua mwenyewe. Ila kwanza funga kila jozi, imwagie maji, ushuke nayo kiteremko cha nyuma mara kumi ukifunga breki. Kisha uniambie."

Mama alipokwenda kumpelekea mteja baiskeli yake, Chiriku alifunga jozi nyeusi akashuka mara mbili, pakavu. Baiskeli ilikwenda kama swala. Maji hakumwaga, na jozi ya pili hakuigusa.

"Umejaribu zote?" mama aliuliza aliporudi.

"Zote, mama. Na maji nimemwaga. Nyeusi ndizo bora."

Mama alimwamini, akafunga breki za kwenda na magurudumu yale.

Siku ya tatu mvua iliwakuta mazoezini. Timu ilikuwa ikishuka mlima, Chiriku akiwa nyuma ya rafiki yake Twiga, msichana mrefu kuliko wote darasani. Walipokaribia kona, kocha aliinua mkono na wote wakapunguza mwendo. Chiriku alifunga breki, baiskeli ikaendelea. Akazibana kwa nguvu zake zote, lakini raba za breki ziliteleza juu ya ringi kama zimepakwa sabuni. Alimgonga Twiga kwa nyuma, wote wawili wakaenda chini.

Chiriku alichubuka goti tu. Twiga aliinuka ameshika mkono wa kushoto. Kwenye zahanati walisema kifundo cha mkono kimeteguka, asipande baiskeli kwa wiki tatu. Mashindano yalikuwa baada ya wiki mbili.

Kesho yake kocha alifika karakanani. "Fundi, sijaja kukulaumu," alisema kwa upole. "Lakini breki zile ulizifunga wewe, na baiskeli zote za timu ziko mikononi mwako. Wazazi wanauliza. Mpaka tujue kilichotokea, nitazipeleka kwa fundi mwingine."

"Una haki, kocha," mama alisema. "Nitalitafuta kosa langu."

Alilitafuta siku nne. Alibadilisha waya, akabadilisha raba, akafungua breki na kuzifunga upya. "Ringi Chiriku alizijaribu kwenye maji, kwa hiyo si ringi," alijisemea. "Basi ni mkono wangu." Chiriku alifagia bila kusema neno. Mama alimtazama, akadhani goti bado linamuuma.

Siku ya tano mzee mmoja, mteja wa miaka mingi, alikuja kurekebishiwa breki. Mama aliishika baiskeli, kisha akamrudishia. "Nisamehe, baba. Kazi ya breki mpelekee mwingine. Siku hizi siuamini mkono wangu."

Mzee alipoondoka, Chiriku aliweka ufagio chini. "Mama, sikumwaga maji. Jozi ya pili sikuijaribu. Nilikudanganya."

Mama alichukua ndoo ya maji, akaimwagia ringi nyeusi, akazungusha gurudumu na kufunga breki. Gurudumu liliendelea kuzunguka. Akaitazama mikono yake yenye grisi, akashusha pumzi.

"Nisamehe, mama," Chiriku alisema akilia.

"Futa machozi. Twende kwa kocha, kisha kwa Twiga. Utasema mwenyewe, mimi nitakuwa kando yako."

Kocha alisikiliza mpaka mwisho. Alimwomba fundi radhi na kuahidi kumrudishia baiskeli za timu kesho yake. Lakini Chiriku asingeshindana mwezi ule. Chiriku alikubali.

Kisha Chiriku alimweleza Twiga yote. "Niliyangoja sana mashindano haya," Twiga alisema.

"Najua."

"Basi utanibebea mkoba mpaka nipone. Na mkoba wangu una vitabu vyote, mimi siachi kitu nyumbani."

Chiriku aliubeba kila siku mpaka Twiga akapona.

Jumamosi ya kwanza alifunga magurudumu ya alumini. Alimwaga maji na kushuka kiteremko mara kumi, na kila mara breki zilishika. Alipomaliza, mama alimketisha kwenye benchi la karakana.

"Mwanangu, kuchagua vibaya si ajabu, hata mimi nimechagua vibaya mara nyingi," alisema. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tushukuru kwamba wewe umeumbuliwa na kona tu. Fundi hutengeneza kile alichoambiwa ukweli wake. Ukinificha, nitafungua kila nati ya baiskeli na kosa nisilione, maana halipo kwenye baiskeli."