Komunike Isiyo na Jina

Ta!

Sauti moja, kavu, katikati ya usiku; kisha kimya. Émérance aliijua kabla hajafumbua macho. Mtu kabonyeza herufi moja ya klavye ya kompyuta kule chumba cha mbele, kwenye sekretariati yake ya kuchapia watu hati, na umeme ulikuwa umekatika tangu jioni.

Asubuhi umeme uliporudi, mashine ilijiwasha yenyewe. Kwenye kioo palikuwa na faili moja, maandishi matupu, mstari mmoja:

Familia inasikitika kutangaza kifo cha mtoto wao P

Mstari ule aliuandika mwenyewe, mwaka ule mto Mulongwe ulipovunja kingo na kushuka na mawe na nyumba za watu hadi ziwani. Maji yalimchukua binti yake, kifungua mimba, na ziwa halikumrudisha. Émérance, aliyeuandikia mtaa mzima komunike za vifo ili zisomwe redioni, aliketi kuandika ya kwake. Akafika penye jina, vidole vikakataa. Labda maji yalimtupa ng'ambo, Burundi. Labda watu wema wanamlea. Hakukaa kilio. Jina lile halikutamkwa tena nyumbani, na majirani, waliokuwa wakimwita mama kwa jina la mtoto huyo, wakabadili taratibu, wakawa wanamwita Mama Provi, kwa Providence, mtoto wa pili, yule aliyebaki.

Lakini hiyo P hakuiandika yeye.

Aliifuta, akafunga faili, akanakili folda nzima ya komunike, na faili lile limo, kwenye flash ya redio kama afanyavyo kila asubuhi. Nyuma ya pazia Providence akakohoa, kikohozi cha majimaji. Moyo ukamwambia, fungua tena uhakikishe. Akafungua.

Prov

Alimpigia simu Chadrack, fundi wa mashine, baba wa watoto watatu asiyekosa mzaha mdomoni.

"Mama Provi!" alisema alipofika alasiri, akiwa bado mlangoni. "Mashini imekukosea nini tena? Ama njo weye uliimwangia chai?"

"Usicheke, Chadrack. Iko na virusi. Faili inajiandika yenyewe."

Aliketi, akaichunguza mashine kwa muda mrefu, miluzi ikimtoka. "Hakuna kitu. Ona, nimefunua jina ya faili yote mpaka mukia: ni txt ya kweli, si programu yenye kuvaa nguo ya txt. Na txt ni herufi tu, mama. Haina mikono, haina miguu. Virusi inaomba programu ya kuitumikia. Herufi, zenyewe zinalala pale tu, mpaka mutu azisome."

"Na mutu akizisoma?"

"Anazisoma, basi! Kwani karatasi ilishamuluma nani?" Akacheka, halafu akainua pua. "Lakini mama, mulianika ndagala humu ndani?"

Hawakuwa wameanika ndagala. Harufu ilitoka chini ya meza, harufu ya samaki na tope la vilindini, baridi, kama ziwa limeingia na kujikunyata miguuni mwao. Chadrack alifungua faili mara ya mwisho. Kicheko kikamkauka.

Providen

"Minye sijaigusa," alinong'ona, mikono hewani. "Haki ya Mungu, klavye sijaigusa."

Alikusanya vyombo vyake bila kuaga vizuri. Akachomoa na flash, kama siku zote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiipeleka redioni kila jioni njiani kwenda kwake. Émérance hakumwona akiichomoa. Kule nyuma Providence alikuwa ameanza kulia.

Kitanda kilikuwa chapachapa. Nywele za mtoto zilidondoka maji, na midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Jirani yao Nyandwi, mama wa chumba cha maombi, alikuwa tayari ameingia na kumpakata.

"Mama," Providence alisema, meno yakigongana, "yaya, dada yangu mukubwa, ananiita. Anasema hana jina. Anasema atabeba yangu."

Nyandwi alimtazama Émérance bila kupepesa. "Hii si homa. Ni pepo ya maji. Muntu asiyekaliwa kilio anatafuta jina ya kuzikwa nayo. Mama yake akimunyima yake, anabeba ya ndugu mwenye iko karibu. Muite, Mama Provi. Umuite kwa jina, umulilie, aende."

"Nikimuita, amekufa."

"Na usipomuita?"

Émérance alikimbilia chumba cha mbele alifute faili lote, asibakize hata nukta. Na ndipo alipoona flash haipo. Kule redioni, Bwana Aimé, mtangazaji, husoma kila kilichomo kwenye flash ile, faili baada ya faili, bila kutazama mara mbili, maana komunike za Émérance hazijawahi kuwa na kosa. Herufi zinalala pale, mpaka mtu azisome. Alipiga simu ya redio. Ikaita, ikaita, ikakata. Na jua lilikuwa linazama.

Alipokimbia kurudi nyuma kwa mtoto, redio ndogo ya Nyandwi, iliyokuwa imening'inia mkononi mwake kwa kamba, ilikuwa inaimba wimbo wa kufungulia komunike. Wakaizima, haikuzimika. Wakatoa mawe ya betri, ikaendelea, na sauti ya Bwana Aimé ikasoma msiba wa Runingu, ikasoma msiba wa Luvungi, kisha ikazama kidogo, kama mtu anayesemea chini ya maji, na harufu ya tope ikapanda hadi darini, na pazia likaanza kuchuruzika, na Providence akajinyoosha mikononi mwa Nyandwi akiwa amekaza macho juu asipumue, maji ya ziwa yakimtoka puani, huku redio ikisema, Familia inasikitika kutangaza kifo cha mtoto wao, ikasita, na katika kusita kule sauti haikuwa tena ya Aimé bali ya msichana, sauti ambayo Émérance angeitambua kati ya sauti zote za dunia, iliyokuwa inavuta pumzi ndefu, ya majimaji, ili itaje jina.

Émérance alipiga magoti kwenye maji. Burundi ikamtoka moyoni, na watu wema wote wa ng'ambo.

"Olga," alisema. "Kifo cha mutoto yangu Olga."