Hatua za Gracien Nilizitembea Mimi

– Félicitations, hongera sana, Papa Gracien. Tunaona uko unapanda mulima wa Kadutu hata sasa.

Nilikuwa nimeinama juu ya beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Kadutu, simu ya mume wangu sikioni.

– Ni bibi yake, maman Godelive. Gracien iko ku nyumba.

Aliyepiga alikuwa Larissa, mwalimu wa programu ya mtandaoni ya watu wazima wenye ugonjwa wa sukari. Kila mmoja hutembea mtaani kwake na simu mfukoni, simu inahesabu hatua na kuonyesha mahali alipo, jioni wanapongezana kwenye WhatsApp. Gracien alikuwa anaongoza kundi zima.

– Maman, lakini simu inatembea kila asubuhi.

– Inatembea mu sakoche yangu.

Kumbe ndiyo maana kila nikichukua mkoba kwenda sokoni alinibembeleza: "Gode, beba simu yangu, yako haina charge." Nami nikajiona mke anayependwa.

– Basi iko shida, alisema Larissa. Docteur anaona Papa anatembea sana na sukari haishuke. Anataka kumuanzishia sindano.

Hamu ya sambaza iliniishia palepale. Nikarudi nyumbani, nikamkuta Gracien barazani, miguu juu ya kiti.

– Leo ulitembea?

– Kidogo.

– Ulifika wapi?

– Kadutu.

– Kumbe tulikuwa wote. Mbona haukunisaidia kubeba?

Akaiona simu mkononi mwangu, akaelewa.

– Gode, mi mutu wa bureau, mukubwa wa ofisi, miaka yote. Nikipanda mulima na miguu, watu wanasimamisha gari: "Chef, gari imekufa?" Minasikia haya.

– Na mimi nikibakia mujane, hiyo haya yako itanisaidia nini?

Nilimkumbuka Gracien wa ujana, aliyekuwa akitoka Nguba kwa miguu hadi kwetu Bagira kila Jumapili baada ya misa. Mvua ikinyesha anavua viatu, anavishika mkononi visichafuke, ili tu akakae sebuleni na baba yangu na kunitupia jicho la wizi nikileta chai. Vijana wenye pikipiki walikuwepo, tena wazuri. Mimi nilimpenda huyu wa miguu.

– Simu yako hii, nikamwambia. Nimechoka kuwa miguu yako.

Nikaenda kwa dada yangu Chantal, mtaa wa Muhungu. Gracien alipiga, sikupokea. Akapiga tena, nikazima. Nilikuwa na hasira, lakini zaidi nilikuwa na woga. Nilishaona watu wa sukari wakikatwa mguu.

Jumapili mchana Larissa akanitumia sauti ya Gracien kutoka kwenye kundi:

"Bandugu, munisamehe. Ile miguu mulikuwa munapongeza ni ya bibi yangu. Docteur asibadilishe dawa, ni mimi nilidanganya. Leo ndiyo ninaanza."

Baadaye ukaingia ujumbe wake: "Gode, niko njiani." Nikatega sikio nisikie gari. Halikusikika. Ukaja mwingine: "Ninakuja polepole. Musifunge geti."

Alifika na vumbi hadi magotini, shati limelowa jasho. Chantal akampa kiti na maji. Mimi nikasimama mlangoni, mikono kifuani.

– Watu walikuuliza gari?

– Wengi. Niliwaambia ninaenda kuona bibi yangu.

– Walicheka?

– Mumoja alicheka. Wengine walisema nikusalimie.

Nikageuza uso asione machozi. Kwetu mgeni akiaga haachwi mlangoni, kwa hiyo jioni alipoaga nikamsindikiza hadi njia panda. Hapo akakataa nirudi peke yangu, akanirudisha getini. Nami ningemwachaje aondoke bila msindikizaji? Tukarudi njia panda. Ndivyo tulivyofanya enzi za uchumba, kwenda na kurudi, kila mmoja akijifanya anaheshimu desturi kumbe hataki tu kuachana. Alinisimulia ni mlima gani ulimtoa pumzi, nami nikamcheka, na mkono wake ukaupata wangu kama zamani.

Tulipofika tena getini, Chantal alikuwa anatungoja.

– Nyinyi wawili, mulale hapa ao muende kwenu. Munachokesha mbwa yangu.

Gracien akanitazama, pumzi bado juu.

– Unanisindikiza tena?

– Hapana, nikamjibu. Tunaenda kwetu.