Ngoma Chini ya Blanketi

IJUMAA, SAA TISA MCHANA

Manzi alipanga vizibo vinne vya chupa juu ya meza. Chumba cha nyuma cha baa moja ya Mweso kilinuka kasiksi, pombe ya ndizi, iliyochacha, na mvua ilipiga mabati kwa fujo.

"Hii njo salle ya Mama Sidonie," alisema, akigusa kizibo cha kwanza. "Hii, baraji ya basoda, pale banasimamisha kila mutu. Hii, njia panda, pale motari babili batatungojea. Na hii ya mwisho njo baraji ya Mubambiro. Tukipita pale, tumefika Goma."

Walikuwa wanne. Manzi mwenyewe, mkubwa wao, mtu wa lami, mzaliwa wa Goma ambaye hajawahi kushika jembe. Esdras, mwenye bastola kiunoni na maneno ya kuhesabika. Fifi, aliyekuwa na kipaji cha kulia machozi ya kweli akiambiwa tu alie. Na Tuyishime, fundi wa hiyo salle, ukumbi wa michezo ya televisheni. Kikulacho ki nguoni mwako, na Mama Sidonie alikuwa amekivaa mwaka wa nne sasa.

Wengine huingia Masisi kwa ajili ya madini ya koltani. Hawa walifuata magitaa ya plastiki.

Usicheke. Magitaa mawili yenye vitufe vya rangi tano, na seti moja ya ngoma za mpira: vyombo vya mchezo wa muziki, ule ambao rangi hushuka kwenye televisheni na wewe unazifuata kwa vidole. Sidonie aliviokota kwa bei ya bure kwa Mzungu mmoja wa shirika aliyekuwa anafunga mizigo. Viwanda vilikuwa vimeshaacha kuvitengeneza. Wazungu waliovicheza ujanani sasa wamezeeka kidogo, wana pesa, wanatamani kurudia ujana wao. Huko Goma palikuwa na tajiri mmoja, Honoré, aliyekuwa anavituma Ulaya. Gitaa moja, dola mia sita. Ngoma, zaidi ya hapo.

Bei hiyo ilipanda mlima hadi senta ya Rugarama, kijiji cha salle, juu ya Mweso. Pedali ya ngoma ilipovunjika, Sidonie aliulizia nyingine, akatajiwa bei, akakaa chini. Kesho yake wimbo mmoja ulitoka franga mia mbili hadi elfu. Vijana walinung'unika kwamba hata Mungu anaimbiwa bure. Tuyishime, aliyewafundisha wote kupiga, alikatazwa hata kugusa fimbo. "Kila pigo njo kuharibika, mutoto yangu," Sidonie alimwambia. Hakumwambia kwa ubaya. Lakini Tuyishime aliumia, na donda lake likaoza polepole hadi Manzi akalinusa.

"Basoda banafungua kila mzigo," Esdras alisema.

"Hawafungui mugonjwa," Tuyishime alijibu. Wazo lilikuwa lake. Katika vilima hivi mgonjwa hubebwa kwa kipoyi, machela iliyosukwa kama kapu refu, mabegani mwa wanaume, hadi hospitali ya Mweso. Hakuna askari anayefunua blanketi la mtu anayekufa. Vyombo vitalala chini, mgonjwa juu yake. "Kesho njo salongo, kazi ya kijiji yote. Batu bote batakuwa kule juu, kufyeka kiwanja ya kanisa. Barabara itakuwa tupu."

"Na mugonjwa njo nani?"

"Mimi. Natambua kila chuma ya ile ngoma, sitaivunja. Lakini munifunike uso. Mama yangu asijue."

Manzi alicheka. Tuyishime hakucheka. Mama yake, Mukagasana, mjane, alikuwa na shamba la maharage pale pale Rugarama. Kwenye kilima kile mwizi hafungwi peke yake. Mama yake atanyimwa salamu, atanyimwa moto wa jirani, mwishowe atafunga godoro na kuondoka. Pesa ya Honoré ingemfungulia Tuyishime salle yake mjini na ngoma zake mwenyewe. Lakini kama mama yake angejua, hiyo salle angeifungulia nani?

"Hatajua," Manzi alisema. "Neno ya mwanaume."

Mvua ilizidi. Hakuna hata mmoja wao aliyeitilia maanani.

JUMAMOSI, SAA MOJA NA NUSU ASUBUHI

Kipenga cha salongo kilikuwa kimeshalia. Maduka yote yalifungwa, kama kila Jumamosi. Tuyishime, aliyeaga tangu Alhamisi kwamba anakwenda Goma kutafuta betri, aliing'oa mbao ya nyuma ya salle. Aliipigilia mwenyewe mwaka jana. Alijua msumari upi ulikuwa wa uongo.

Dakika kumi na mbili tu. Magitaa mawili, ngoma, pedali mpya, na vile vidude vidogo vya kupokea mawimbi ambavyo bila hivyo gitaa ni kuni. Walivitandika ndani ya kipoyi, blanketi moja, kisha Tuyishime, kisha mablanketi mawili. Wakamfunga kamba kifuani na miguuni, kama wafungwavyo wagonjwa wasiteleze kwenye miteremko.

"Kaza kidogo," Manzi alisema.

Esdras alikaza sana. Ukingo wa ngoma ulimwingia Tuyishime mgongoni. Kitambaa kilishuka usoni mwake, na dunia ikawa na rangi ya kijivu.

Manzi na Esdras walishika mbele. Wale motari wawili, walioacha pikipiki zao njia panda, walishika nyuma. Fifi alifuata, akilia.

SAA MBILI

Kwenye baraji askari mmoja aliuliza, "Iko na nini?"

"Tumbo," Fifi alilia. "Bwana yangu anakufa, papa."

"Mupite. Mungu asaidie."

Tuyishime alianza kutabasamu chini ya kitambaa. Wakapinda kona ya kwanza. Hapo akasikia kitu.

Majembe. Majembe mengi yakigonga mawe.

Mvua ya jana ilikuwa imeikata barabara. Kapita wa kijiji, Mbonigaba, aliyesimamia salongo, hakuwa mjinga: kiwanja cha kanisa kingesubiri. Aliihamishia salongo barabarani. Rugarama nzima ilikuwa pale.

"Mugonjwa!" sauti ilipaza. "Mufungue njia!"

Majembe yalinyamaza. Miguu ilikuja mbio. Tuyishime alijua kitakachofuata, na alijua pia kwamba alisahau kumwambia Manzi, maana nani huwaambia watu kwamba maji yanalowesha? Ukikutana na kipoyi njiani, unakibeba. Hulipwi, huombwi. Waliochoka hupisha, wengine huingia, hadi mgonjwa anafika.

"Leta bega, kaka. Mumechoka."

"Hapana, tunaweza," Manzi alisema.

"Munaweza namna gani? Muko bane!"

"Nimesema tunaweza!"

Kisha Mbonigaba, kwa upole wa mtu anayezungumza na mfiwa, "Kijana, weye si wa hapa. Wacha batu basaidie."

Kipoyi kiliyumba, kikapanda mabega mengine. Mabega mapana, yenye mwendo mmoja. Wimbo wa kanisa ukaanza, na kasi ikaongezeka. Tuyishime alitaka kupiga kelele. Alibebwa vizuri kuliko alivyowahi kubebwa maishani, na kila hatua ilimpeleka kubaya.

Mtu alianza kumpepea kwa kitenge. Matone ya maji baridi yalidondoka kwenye kitambaa, juu ya midomo yake.

"Vumilia, mutoto yangu," sauti ya mwanamke ilisema karibu na sikio lake. "Sijue weye njo wa nani, lakini mama yako iko anakuombea pale iko. Vumilia. Mweso si mbali."

Alikuwa Mukagasana.

Tuyishime aliuma ulimi. Alimtambua kwa harufu kabla ya sauti: udongo, moshi, majani ya maharage. Mama yake alikuwa anamfariji mgeni, na mgeni mwenyewe alikuwa yeye. Aliona haya hadi machozi yakamtoka.

SAA TATU KASORO ROBO

"Hapa njo njia panda," Manzi alisema kwa pumzi fupi. "Mutuwekee hapa. Tuko na pikipiki."

"Pikipiki kwa mutu wa tumbo? Utamumaliza!" Mbonigaba alijibu bila kupunguza mwendo. "Twende, banaume!"

Tuyishime alisikia Esdras akinong'ona, "Niwafyatulie?"

"Batu makumi ine na mapanga. Uko na wazimu?"

Kisha Manzi akafanya lile ambalo mtu wa lami tu angeweza kulifanya. Aliinama juu ya kipoyi kana kwamba anamkagua mgonjwa. Mdomo wake uligusa kitambaa. "Usipumue," alisema kimya. "Ukijitingisha, Esdras anakutoboa kwanza weye." Akainuka. Akapaza sauti.

"Amekufa!"

Wimbo ulikatika. Kipoyi kilishushwa chini taratibu, kwenye majani mabichi. Fifi alipiga yowe safi.

"Basi," Manzi alisema haraka, "tutamupeleka kwa ndugu yake, kule Kitshanga. Asanteni sana. Murudie kazi yenu."

Alidhani maiti ni mzigo kama mizigo mingine: mwenye nao anauchukua, safari inaendelea. Hakuna aliyerudi kazini. Wanaume walivua kofia. Maana maiti haondoki mahali alipokatikia roho bila mwanamke mtu mzima kumfumba macho, na aliyekuwa karibu zaidi, mwenye kitenge mkononi, alikuwa Mukagasana.

Alipiga magoti. Akafunua kitambaa.

Tuyishime alikuwa amefumba macho tayari. Aliisikia pumzi ya mama yake ikiingia na kutotoka. Kisha kilio. Hakuwahi kusikia kilio cha namna ile, hata baba yake alipofariki. Kilimpasua. Alikaza meno, maana bastola ilikuwa pale, na vyombo vilikuwa pale, na aibu ilikuwa pale.

"Ni Tuyi! Watu wangu, ni Tuyi wangu! Nimemupepea njia yote, na sikumujua!"

Aliweka shavu juu ya shavu lake. "Angali na joto, Mbonigaba."

"Njo vile, mama. Joto inatoka pole pole."

Kisha akamgeukia Fifi. "Na weye njo bibi yake? Hakuniambia hata. Kuja hapa, binti yangu. Kuja tulie pamoja." Akamkumbatia. Fifi, aliyelia kwa ujira tangu asubuhi, alitoa kilio kingine kabisa, kidogo na kibaya.

"Mama, Kitshanga..." Manzi alijaribu.

"Mutoto yangu atalala kwetu," Mukagasana alisema.

Hilo halikuwa na mjadala. Kipoyi kilipanda tena mabegani, kikageuzwa, kikaelekea mlimani. Upande wa njia panda pikipiki moja ilinguruma, kisha ya pili. Zilishuka bonde kwa kasi, sauti zikafifia. Hakuna aliyezijali. Neno la mwanaume, pamoja na Manzi na bastola ya Esdras, lilikuwa limekwenda Goma.

SAA TATU NA ROBO

Sasa aliwasikia wakipanga kazi.

"Sita batangulie kuchimba," Mbonigaba alisema. "Majembe tuko nayo. Pembeni ya baba yake, udongo iko laini na hii mvua."

Tuyishime alihesabu alichobakiwa nacho. Akinyamaza, watafika nyumbani, wanawake watamfungua wamwoshe, na vyombo vitaonekana. Akisema, vitaonekana sasa hivi. Kati ya hayo mawili palikuwa na mwendo wa nusu saa, na nusu saa nzima mama yake angemlilia. Kamba ilimbana kifua. Hakuwa na pa kwenda, hai wala maiti.

Ndipo aliposikia hatua nzito na pumzi za mwanamke mnene aliyekimbia kuwafikia. Mama Sidonie.

"Mimi nilimukataza hata kugusa ngoma," Sidonie alisema huku analia. "Kwa sababu ya bei. Bei! Huyu alifundisha batoto yote ya hapa. Mukagasana, sikia. Nitazileta kwa matanga. Magitaa, ngoma, yote. Batamupigia siku tatu, bure. Hata zikivunjika, zivunjike."

Ngoma ilimchoma Tuyishime mgongoni.

"Mama," alisema. "Fungua kamba."

Kipoyi kilianguka. Watu walitawanyika shambani wakipiga mayowe, jembe moja likabiringika hadi mtoni. Mzee mmoja alipiga magoti akamtaja Lazaro. Ni Mukagasana tu aliyebaki. Alicheka, akalia, akamshukuru Yesu kwa lugha yao ya nyumbani na kwa Kiswahili, akaifungua kamba ya kifua kwa meno. Watu walianza kurudi, mmoja mmoja, wakicheka kwa woga. Kwa muda mfupi mlima wote ulifurahi.

Akavuta blanketi amwinue mwanawe. Gitaa likateleza, likalala kwenye majani, na vitufe vyake vitano: kijani, nyekundu, njano, buluu, chungwa.

Sidonie alilitazama. Akafunua blanketi la chini kwa ncha ya kidole. Alitoa tu ufunguo wa salle kifuani mwake, akauangalia, akaurudisha. Mukagasana aliuachia mkono wa Fifi.

Mbonigaba alivaa kofia yake tena. "Mama Mukagasana," alisema polepole, "mbele ya batu. Huyu njo mutoto yako?"

Mukagasana alimtazama Tuyishime kuanzia nywele hadi kwenye miguu iliyokuwa bado imefungwa. Alijifuta uso kwa kile kitenge alichompepea nacho.

"Wangu amekufa pale njia panda," alisema. "Sisi bote tumemulilia."

Akaokota jembe lake, akapanda mlima. Wengine walimfuata. Kamba ya miguuni hakuna aliyeifungua.