Baba Yako Ameshafika

Siku yenyewe ilianza vizuri, kama siku nyingine za Kisii. Asubuhi jua lilitoka, watu wakaanika nguo, huku wakijua fika kwamba alasiri mvua ingezikuta kambani. Nyakerario binti Ochoki akapiga pasi sketi yake ya bluu, ile ya kwendea usaili, akaivaa. Hakuwa na usaili popote. Aliivaa kwa hasira tu.

Mwaka ulikuwa 1999, na Nyakerario alikuwa amechoka. Si uchovu wa mtu aliyelima, ni ule uchovu wa kukaa bure, ambao haulaliki. Alisomea uhazili, akafaulu, taipu aliipiga bila kutazama vidole, na cheti chake kilikuwa kimetembezwa ofisi zote za mji mpaka mabawabu wakamjua kwa jina. Hapa aambiwe arudi Jumatatu. Pale aulizwe ametumwa na nani. Meneja mmoja alimkaribisha vizuri, akamwagizia chai, halafu akamwuliza kama anajua kufua. Nyakerario aliinywa ile chai yote kwanza, ndipo akaondoka.

Nyumbani walikuwa wamebaki wawili. Baba yake, Ochoki, alizikwa kando ya migomba akiwa amevaa koti lake la kahawia. Nyakerario mwenyewe alilishonea kifungo cha juu asubuhi ya mazishi, kwa uzi mwekundu, kwa sababu uzi wa kahawia haukupatikana. Mama yake, Mong'ina, aliuza ndizi soko la Daraja Mbili, akamlisha binti mzima mwenye cheti, na hakuwahi kulalamika. Afadhali angelalamika.

Sasa kuna neno moja ambalo huwachanganya wageni wa Kisii. Kwa Ekegusii, "baba" ni mama. Mzazi wa kiume anaitwa "tata". Watoto hufundishwa tofauti hiyo shuleni, tena kwa kiboko, nao wanaijua sana. Lakini ulimi una kwao. Mtu akichoka au akiogopa, anasema "baba" na anamaanisha mama yake.

Asubuhi hiyo Nyakerario alikwenda kwa Bijal, binti wa Harish mwenye duka la vitabu na karatasi mjini. Walisoma pamoja shule ya msingi. Bijal alikuwa amerudi kutoka Nairobi na kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu, na watu waliingia dukani kuitazama kama ng'ombe wa maonyesho, wakatoka bila kununua hata kalamu. Kwenye mtandao mlikuwa na ukurasa wa matangazo madogo madogo: magari, viwanja, kazi. Humo ndimo Nyakerario alipoliona, jana yake, tangazo la Sironga, Nyamira. Anatakiwa karani wa kike. Awe mtulivu. Malazi yapo. Kazi ni ya kudumu.

"Mimi hii siipendi," Bijal alisema. "Haina jina la kampuni. Haina simu. Mtu mwenye kazi ya kweli anajificha kwa nini?"

"Bijal, wewe una duka la baba yako. Mimi nina bahasha ya vyeti."

Bijal akamsogezea kiti. "Haya, andika. Lakini vyeti utapeleka nakala, asili ibaki nyumbani. Mambo ya kwenu usiwaambie hata kidogo. Waambie mkutane hotelini, mahali pa watu. Na useme utakuja na mtu."

Nyakerario akaandika yote hayo haraka haraka, akamalizia: Nitakuja na baba.

Bijal alisoma akacheka. Alikuwa amekulia Kisii. "Baba wa Kiswahili au wa Ekegusii?"

"Wa Ekegusii," Nyakerario akasema, naye akacheka. Hakusahihisha. Ujumbe ukaenda.

Jibu lilirudi kabla Bijal hajamaliza kumhudumia mteja mmoja. Hotelini hapana. Njoo leo, nyumbani, juu ya Sironga, kwenye ua wa misonobari. Usiogope. Baba yako ameshafika, anakungoja.

Nyakerario alipandwa na hasira papo hapo. Mama! Mong'ina alitoka alfajiri na mikungu yake, na jana usiku alikuwa ameuliza maswali mengi mno kuhusu hii kazi ya Sironga. Ndiyo tabia yake. Binti alipojiunga na sekondari, Mong'ina alimtangulia kwa mwalimu mkuu, akamweleza habari za ukoo mzima mpaka nani ana kifafa. Leo tena ameacha ndizi zake kwenda kumpeleleza mwajiri.

"Pitia sokoni kwanza, uhakikishe," Bijal akamwambia.

"Nichelewe tena? Na mama ameshafika, umesoma mwenyewe."

"Mimi nimesoma baba."

"Ndiyo huyo huyo!"

Akachukua nakala za vyeti, akatoka.

Kutoka Sironga alipanda kwa miguu. Chai pande zote ilikuwa imekomaa, haijachumwa, jambo ambalo Nyamira halionekani, kwa maana huko majani hayasubirishwi. Hakukuwa na mchumaji hata mmoja. Mbwa hawakubweka. Ua wa misonobari ulikuwa umekatwa vizuri sana, na lango lilikuwa wazi.

Barazani vilipangwa viatu vya kike, jozi kwa jozi, ncha zikitazama nje. Nyakerario alitafuta sandaki za mama yake, zile za plastiki za kijani. Hakuziona. Labda Mama ameingia nazo, akajisemea, hana adabu siku hizi. Akavua viatu vyake akaviweka mwisho wa mstari. Jozi iliyokuwa jirani na yake ilikuwa imeota nyasi ndani.

Alitaka kurudi hapo. Lakini ndani alisikia mashine za taipu, nyingi, zikipigwa kwa kasi nzuri, na sauti hiyo alikuwa ameiota kwa muda mrefu. Akabisha hodi.

Taipu zote zikanyamaza.

Mwanamke mwembamba alikuwa ameketi nyuma ya meza tupu. Nguo zake zilikuwa safi. Alinyoosha mkono.

"Vyeti."

"Nimeleta nakala."

"Hapa nakala haifanyi kazi," mwanamke akanong'ona. "Tunataka asili."

Chumba kilikuwa baridi, na kilinuka kama shimo lililochimbwa asubuhi. "Baba yuko wapi?" akauliza.

"Baba yako?" Mwanamke akatabasamu, akageukia mlango wa ndani. "Mzee. Binti amefika."

Mlango ukafunguka. Aliyetoka hakuwa Mong'ina.

Nyakerario aliona koti kwanza. La kahawia. Lilikuwa na udongo mabegani. Halafu akaona kifungo cha juu. Uzi mwekundu.

"Mwanangu," yule mtu akasema. "Mimi baba yako. Keti."

Uso ulikuwa wake. Mikono ilikuwa yake. Na kwa kitambo kidogo, aibu iliyoje, Nyakerario alitaka kukimbilia lile koti alie. Lakini kile Kiswahili! Ochoki hakuwahi kumsemesha Kiswahili tangu azaliwe. Ochoki hakuwa baba. Alikuwa tata, na angejiita tata.

"Wewe si baba!" akapiga kelele. Maneno yalimtoka bila kupita kichwani. "Kwetu baba ni mama! Baba yangu ni Mong'ina! Anauza ndizi Daraja Mbili!"



Mwanamke akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepewa jibu.

"Mong'ina," akanong'ona. "Daraja Mbili. Kumbe."

Yule wa koti akageuka. Akapita kando ya Nyakerario bila kumgusa, akatoka barazani, akashuka ngazi. Hakuwa na haraka.

"Wewe nenda tu," mwanamke akasema. "Nani amekuzuia?"

Alikimbia bila viatu. Alikimbia katikati ya ile chai mpaka barabarani, na nyuma yake hakusikia hatua ya mtu. Mbele yake pia hakumwona mtu yeyote.

Mvua ilikuwa imeanza alipofika dukani kwa Bijal. Gari lilikuwa limechelewa kupatikana, na njia nzima alikuwa akijikunyata kwenye kiti bila kusema na mtu. Hakutaka kwenda sokoni akiwa hivyo. Mama angemwona miguu, angeuliza. Alitaka kwanza atulie. Bijal akamfunika shali, akampa kandambili, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia hata mara moja kwamba alimwonya.

"Hata wachawi wamekataa kuniajiri," Nyakerario akasema, akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio cha uchungu wa siku zote zile za kurudi Jumatatu. Bijal naye akalia. Walikuwa hivyo, wameshikana mikono, kompyuta ilipolia kengele yake ndogo.

Bijal akasoma kwa sauti.

"Nafasi imejazwa. Nakala hatuihitaji. Baba yako ameanza kazi leo."

Nyakerario akafumba macho. Alimwona tata, na koti, na udongo ule mabegani. Maskini Ochoki. Alilima mashamba ya watu maisha yake yote, na hata kaburini hawakumwacha apumzike. Alikuwa bado anamlilia alipohisi Bijal amemkaza mkono.

"Nyakerario," Bijal akanong'ona. "Baba wa Kiswahili, au wa Ekegusii?"

Nyakerario alikuwa ameshatoka.

Alikimbia kwenye mvua akigonga watu na mikokoteni. Kandambili moja ilikatika, akaiacha. Daraja Mbili wauzaji walikuwa wakifunika mali zao kwa nailoni, wengine wamejibanza chini ya vibanda vya mitumba. Ndizi za Mong'ina zilikuwa pale pale, zimepangwa vizuri, zinanyeshewa. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Jirani yake wa meza ya nyanya, Nyangate, mama mmoja kutoka Nyamarambe ambaye hakuwa na siku nyingi sokoni, aliinua kichwa.

"Unamtafuta mama yako? Ameenda na mumewe."

"Mume gani?"

"Si yule mzee wa koti la kahawia? Mimi sikuwa namjua. Amekuja hapa akamwita polepole, na Ekegusii kitamu kabisa, kile cha wazee. Mama yako akalia, akacheka, akanyanyuka." Nyangate akasita. "Nimemwita achukue viatu. Hakugeuka."

Nyakerario alitaka kuuliza wameelekea wapi. Nyangate akamwonyesha tu kwa mkono, chini ya meza.

Sandaki za kijani zilikuwa zimepangwa vizuri, moja kando ya nyingine, ncha zikitazama barabara ya Nyamira. Nyakerario akapiga magoti kwenye matope, akaziokota. Zilikuwa bado na joto la nyayo.

Ndani ya ile ya kulia, nyasi zilikuwa zimeshaanza kuota.